Kupamba Chumba cha Kupanga: Je, Ni Kusahau Kwetu?



Tangu akina mama na vijana wetu waanze kujifunza kushona na kutengeneza upya viti na meza kuukuu, kuna swali linalozunguka katika familia zetu hapa Bugolobi, na kwa wale wanaokaa upande wa Kitintale na Kinawataka. Swali lenyewe si la sindano wala msumari. Ni swali la dhamiri. Baba wa familia anauliza: "Sisi hapa ni wapita njia. Amani ikirudi tutarudi kwetu, au jina letu likitoka tutasafiri. Kwa nini nitumie pesa ya watoto kwa kiti nitakachokiacha?" Mama mwingine anasema moyo wake unakataa kutundika pazia zuri katika chumba hiki, kwa sababu nyumba aliyoijenga kule Masisi iliteketea, na kupamba hapa kunamfanya aone kama amewaacha waliobaki kule.

Maswali haya ni ya kweli, na anayeyauliza asichekwe. Tuyachukue moja baada ya jingine.

KWANZA TUJUE TUNAZUNGUMZIA NINI

Bugolobi ni mtaa wa watu wa aina nyingi. Juu kilimani kuna nyumba za watu wenye uwezo na za wageni wa mashirika, kuna magorofa yanayojulikana, na bondeni kuna vyumba vya kupanga. Mgeni akimaliza mkataba wake, anauza vitu. Tajiri akinunua sofa mpya, ile ya zamani inatoka nje. Hivyo meza, makabati na viti hushuka kilima juu ya mkokoteni au mgongoni mwa boda boda, na bei hushuka pamoja navyo. Nguo na mapazia tunayapata Owino kwa wauza mivumba, na vitenge katika maduka ya Kiyembe, pale mjini.

Kazi yenyewe si ngumu kwa anayeanza. Kiti cha mbao kinageuzwa juu chini. Miguu inatikiswa ili kuona kama kiungo kimelegea. Ukiona vitundu vidogo na unga wa mbao, ujue wadudu wamo ndani, kiache. Kama ni kiungo tu kilicholegea, gundi ya zamani inakwanguliwa, inapakwa mpya, kiti kinafungwa kwa kamba na kuachwa hadi kesho yake. Kisha mbao inasuguliwa kwa msasa, kwanza mkali, baadaye laini, kila mara kwa kufuata mistari ya mbao na si kuikata. Vumbi linafutwa kwa kitambaa chenye unyevu, mbao ikikauka inapakwa vanishi mara mbili au tatu, kila safari ukingoja ikauke.

Kwa upande wa kushona, mto wa kuegemea wa sentimita 50 kwa 50 ni somo zuri la kwanza. Fua kitenge kabla ya kukata, maana kitarudi kidogo. Kata kipande cha mbele cha 53 kwa 53, na vipande viwili vya nyuma vya 53 kwa 35. Kila kipande cha nyuma kikunje sentimita 3 upande mmoja mrefu na kushona pindo. Weka vipande hivyo juu ya kile cha mbele, uso kwa uso, mapindo yapandane katikati, shona pande zote nne, kisha geuza. Hakuna zipu, hakuna kifungo. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 hivi, yadi moja na nusu inatosha mito miwili. Mwenye cherehani atamaliza upesi, na asiye nayo atashona kwa mkono jioni mbili. Ndani unajaza sufi au vipande vya nguo na sponji vilivyobaki kwa fundi.

Basi, hicho ndicho tunachokizungumzia: kiti kimoja, mito miwili, pazia moja. Hakuna anayejenga jumba hapa.

HOJA YA KWANZA: "TUNAONDOKA KARIBUNI"

Hoja hii ina nguvu kwa sababu ni ya matumaini, na hatupendi kumvunja mtu tumaini. Lakini tuitazame kwa macho mawili.

Mwezi wa Januari 2025, milango miwili ilifungwa kwa wakati mmoja. Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari za watu waliokuwa wameshapangiwa ndege zikafutwa. Mwisho wa mwezi huohuo waasi wa M23 waliingia Goma, na mwezi wa Februari wakaingia Bukavu. Aliyekuwa akingoja kusafiri alibaki, na aliyekuwa akingoja kurudi alibaki pia. Wote wawili walikaa palepale walipokuwa wamekaa. Tofauti ilikuwa tu juu ya kitu gani wamekalia.

Kambi ya Nakivale, kusini magharibi mwa nchi hii, imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wako watu waliozaliwa pale, wakaoa pale, wakazika wazazi wao pale, na miaka yote hiyo jina la mahali lilikuwa "kwa muda". Hapo tunaona kwamba neno "karibuni" si kipimo. Mtoto aliyekuja na miaka minne leo anaweza kuwa na kumi na minne. Miaka hiyo kumi haikuwa chumba cha kungojea kwake. Ilikuwa utoto wake wote, na hatapewa mwingine hata tukifika tunakotaka kwenda.

Yeremia aliwaandikia barua watu waliohamishwa Babeli. Ipo katika sura ya 29 ya kitabu chake, na ni vema kila familia iisome yote. Tukumbuke kwamba wakati ule walikuwepo manabii waliowaambia watu kuwa watarudi baada ya muda mfupi tu. Yeremia hakuwaambia kwamba hawatarudi kamwe; aliwaambia miaka sabini. Na katikati ya miaka hiyo aliwataka wajenge, wapande bustani, waoze watoto wao, na wautakie heri mji waliokaa. Tumaini la kurudi na kazi ya kukaa vimo katika barua moja. Anayesema lazima tuchague kimojawapo, hasemi kama barua ile.

Hata hapa Uganda kuna ushahidi. Mwaka 1942, wakati wa vita vikuu vya pili, Waingereza walileta huku maelfu ya wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamefukuzwa makwao na Wasovieti, wakapelekwa Siberia na kwingine, wakapitia Iran, kisha wakafika Afrika ya Mashariki. Baadhi waliwekwa Koja kando ya Ziwa Viktoria, wengine Nyabyeya karibu na Masindi. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kuzeekea huku. Hata hivyo walianzisha shule, wakapanda bustani, na kule Nyabyeya wakajenga kanisa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, wengi wao hawakuweza kurudi nyumbani, kwa sababu maeneo waliyotoka yalikuwa yamechukuliwa na Umoja wa Kisovieti. Kufikia mwisho wa miaka ile ya 1940 wengi wao walikuwa wameondoka, kwenda Uingereza, Kanada, Australia na kwingine. Kanisa lao limesimama mpaka leo. Je, walipoteza kazi yao bure kwa kuwa waliondoka? Watoto wao walisoma katika miaka ile na walisali katika miaka ile. Faida ya kiti haipimwi kwa kuwa nacho milele. Inapimwa kwa siku ulizokikalia.

HOJA YA PILI: "KUPAMBA NI KUSAHAU"

Hoja hii inauma zaidi, kwa sababu inamhusu marehemu, ndugu waliobaki, na ardhi. Mtu anaona kwamba akiacha chumba chake kitupu, utupu ule ni ushuhuda. Unasema: hapa si kwangu.

Kumbukumbu hii tunaiheshimu. Lakini tuulize: utupu unawafundisha nini watoto? Mtoto aliyezaliwa Kampala hawezi kukumbuka Masisi au Fizi kwa kutazama ukuta mtupu. Atakumbuka kwa kusimuliwa, na watu husimulia vizuri wanapokuwa na mahali pa kukaa pamoja. Mama anayeshona pazia na binti yake ana saa mbili za kumweleza jinsi bibi yake alivyochagua vitenge, ni rangi gani ilivaliwa harusini, ni nyimbo gani ziliimbwa wakati wa kupepeta maharagwe. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Wapo wazazi kati yetu ambao hawajaweza kusema neno moja juu ya yaliyotokea, lakini wakiwa wameinamia kazi, hakuna anayewatazama usoni, neno la kwanza hutoka.

Zaidi ya hayo, kiti kitabaki, ila ujuzi utasafiri. Wakati wa kukimbia tuliacha makabati, vitanda na cherehani, na aliyejua kushona alifika hapa akiwa bado anajua kushona. Siku ya kurudi itakuwa hivyohivyo. Kule hakuna anayetungoja na nyumba iliyotandikwa. Tutakuta magofu, na watakaofaa ni wale walioshika msasa na nyundo huku ugenini. Kwa hiyo anayejifunza leo kurekebisha meza anajiandaa kurudi, wala hakusahau.

Waganda wenyeji wetu wana mfano mzuri. Nguo yao ya kale, lubugo, hutengenezwa kwa gome la mti wa mutuba, na UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005 kama urithi wa wanadamu wote. Mti ukishavuliwa gome hauachwi uchi. Fundi huufunga kwa majani ya migomba mpaka uote gome jipya, na mwaka mwingine huvunwa tena. Majani yale si gome, na mti haudanganyiki kwamba ni gome. Ni kinga ya wakati wa kungoja. Pazia la chumba cha kupanga nalo ni la namna hiyo.

HOJA YA TATU: "NI ANASA, WENGINE HAWANA CHAKULA"

Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu hoja hii mara nyingine ni ya haki kabisa. Nabii Hagai, katika sura ya kwanza, aliwakemea watu waliokaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao huku nyumba ya Mungu ikiwa gofu. Maandiko hayakubariki kila mapambo.

Wakimbizi wa mijini hatupati mgao wa chakula kama walio kambini. Kodi ya chumba, karo na dawa, vyote vinatoka mkononi mwetu. Basi, tuweke mipaka mitatu. Kwanza, pesa ya chakula, karo na dawa isiguswe. Kiti kinaweza kungoja, homa ya mtoto haiwezi. Pili, tusikope kwa ajili ya kupamba. Tatu, tusipambe ili jirani aone. Anayenunua sofa ili kumnyamazisha jirani atanunua nyingine jirani akinunua yake, na hakutakuwa na mwisho.

Lakini tukishaweka mipaka hiyo, tusiite kila kitu kizuri anasa. Mtoto anayeandika kazi za shule akiwa amelala kifudifudi sakafuni anahitaji meza. Mzee mwenye maumivu ya mgongo anahitaji kiti chenye mto. Mgonjwa anayelala chumba kimoja na watu saba anahitaji pazia katikati, apate kubadilisha nguo bila aibu. Hayo ni heshima ya mtu. Na katika Kutoka sura ya 31 tunasoma kwamba Bezaleli alijazwa hekima ya kazi za mikono, tena watu wakiwa jangwani, safarini, wakikaa hemani. Hakuambiwa angoje mpaka wafike.

Wengine wanaona haya kutumia kitu kilichotumiwa na mwingine. Kule Tanzania watu waliita mitumba "kafa Ulaya", yaani mwenyewe amekufa huko. Mwezi wa Agosti 2023 Rais Museveni naye alitangaza kwamba nguo za namna hiyo ni za wafu na zipigwe marufuku, ili viwanda vya hapa vipate soko. Mjadala wa viwanda ni wa maana, na wenye nchi waamue. Lakini sisi aibu isitushike. Wakati wa vita vya dunia, mwaka 1943, serikali ya Uingereza yenyewe ilitoa kijitabu cha kuwafundisha akina mama kutia viraka na kugeuza nguo kuukuu, na fenicha mpya chache zilizotengenezwa zilitengwa kwa maharusi na kwa waliobomolewa nyumba na mabomu. Nchi kubwa ilivaa viraka na haikufa kwa aibu. Kiraka kinasema mwenye nguo alikuwa na sindano na subira.

LAKINI KUFUNIKA SI KUTENGENEZA

Tumejibu wanaokataa. Sasa tuseme na wanaokubali haraka mno, kwa sababu katika kazi hii kuna jaribu lake.

Baadhi ya vijana wetu wameanza kuuza. Wananunua kiti kibovu, wanakitengeneza, wanapata faida kidogo. Jambo hili ni jema na sheria inaliruhusu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha ripoti juu ya uchumi wa wakimbizi nchini humu, wakaonyesha kwamba hapa Kampala wakimbizi 21 katika kila 100 walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mwingine mmoja, na kati ya walioajiriwa, 40 katika kila 100 walikuwa raia wa Uganda. YARID, shirika lililoanzishwa mwaka 2007 na vijana wakimbizi wa Kongo hapa mjini, Robert Hakiza akiwa mmoja wao, limewafundisha akina mama wengi kushona. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; na sisi jembe tumelipokea.

Lakini vanishi ina siri yake. Inang'arisha mbao nzima, na inang'arisha pia mbao iliyoliwa. Kitambaa kizuri kinaweza kufunika sponji yenye kunguni. Nta na unga wa mbao vinaweza kuziba tundu la mdudu, mteja asione kitu mpaka mguu ukatike na mtoto aanguke. Kazi ya kufunika na kazi ya kutengeneza zinafanana kwa macho, na huchukua rangi ileile. Tofauti yake ipo ndani, na anayeijua ni fundi peke yake.

Ezekieli sura ya 13 inawasema waliopaka chokaa ukuta dhaifu. Kosa lao halikuwa chokaa. Ukuta imara ukipakwa chokaa hupendeza. Kosa lao lilikuwa kuufanya ukuta usioweza kusimama uonekane unaweza. Wahenga nao walisema la kuvunda halina ubani. Kwa hiyo fundi Mkristo ajiwekee desturi: kwanza kiungo, baadaye rangi. Kitambaa cha zamani kitoke chote, kisishonewe juu. Sponji yenye wadudu isiuzwe. Kilichoweza kurekebishwa nusu, mnunuzi aambiwe ni nusu, na bei iwe ya nusu. Rangi ya zamani isisuguliwe kavu ndani ya chumba wanamolala watoto, kwa sababu rangi nyingine za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru akili ya mtoto. Isuguliwe nje, kwa msasa uliolowana, na vumbi lifutwe lote.

Jambo hili linatuhusu hata sisi tusiouza chochote. Wapo wanaotuambia tuoge, tuvae vizuri, tutabasamu, tusizungumze tena mambo ya vita, na tutakuwa tumepona. Hiyo ni vanishi. Pazia jipya halitaponya ndoa iliyovunjika kwa kimya, wala mto wa kitenge hautamlaza mtu anayeamka usiku akipiga kelele. Mambo hayo yanataka kiungo chake kifunguliwe, kisafishwe na kufungwa upya, kwa mazungumzo, kwa maombi, na kwa mshauri mwenye ujuzi pale inapohitajika. Chumba kizuri ni msaada kwa kazi hiyo. Hakiwezi kuwa badala yake.

JIBU LETU

Je, kupamba chumba cha kupanga ni kusahau kwetu? Hapana, ikiwa tunapamba kwa ajili ya watu waliomo ndani, kwa kipimo, na bila kufunika uozo. Ndiyo, ikiwa tunapamba ili tusiulizwe tulikotoka, au ili tusimwone jirani asiye na kitanda.

Katika Matendo sura ya 9, Dorkasi alipokufa, wajane walisimama wakilia, wakaonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakuonyesha nyumba yake. Kwa hiyo anayeanza kushona, mto wa kwanza uwe wa mtoto wake, na wa pili, tunashauri, uende kwa jirani aliyefika juzi akiwa na mkeka tu.

Tunawaomba familia zizungumze nyumbani juma hili juu ya maswali haya:

1. Ni kitu gani kimoja katika chumba chetu kingemrahisishia mmoja wetu maisha kama kingetengenezwa?

2. Ni habari gani ya kwetu ambayo watoto hawajawahi kuisikia, na ni nani atakayeisimulia wakati wa kazi?

3. Ni jambo gani katika nyumba yetu tumelifunika, nalo linataka kutengenezwa?

Mwenye msasa uliobaki, sindano za ziada au vipande vya kitenge, avilete Jumapili baada ya ibada. Mwenye kiti kilicholegea akilete pia. Mungu awabariki.